Macho Yenye Pazia

Wahenga walisema macho hayana pazia. Ni wazi hawakuwahi kukutana na Nusu Mlingoti. Huyu alizaliwa na mapazia yake mawili, la kulia limeshuka zaidi ya la kushoto, na katika watu wote waliomlea hakutokea hata mmoja aliyemwuliza anaonaje huko nyuma. Walimpiga tu.

Baba yake ndiye aliyeanza. Mtoto ambaye kope zimemwangukia kwenye mboni hana namna ya kumtazama mtu mrefu ila anyanyue uso, atangulize kidevu, achungulie kwa chini. Sasa mtoto akimtazama baba mtu namna hiyo, baba haoni kope, anaona dharau. "Unanitazama hivyo mimi? Mimi rika lako?" Kofi. Mtoto akainamisha kichwa, akabaki anaona viatu tu, na kofi la pili likamkuta hajui limetoka upande gani. Hajaanza hata shule, na alikwisha kujua kwamba ukiinua uso unapigwa, na ukiuinamisha unapigwa vilevile.

Shuleni mwalimu wa hesabu akapokea kijiti. Akimkuta kainua kidevu anautafuta ubao, alisema huyu ananiletea nyodo. Akimkuta kainamisha, alisema huyu kalala. Fimbo haikukosa sababu hata siku moja. Jina nalo alipewa na wenzake, siku bendera iliposhushwa nusu mlingoti kwa msiba wa mkubwa fulani. Mtoto mmoja mwenye mdomo aliitazama bendera, akamtazama yeye, akapayuka, na uwanja mzima ukacheka. Nusu Mlingoti alimvunja jino palepale, mbele ya mwalimu wa zamu. Jina lilibaki, jino halikurudi.

Baba alipofariki, mjomba alikuja kumchukua. Alikuwa kaka yake mama, bondia wa zamani aliyegeuka kocha, mtu mfupi mwenye shingo nene na sauti iliyokwaruzika kwa kupiga kelele miaka nenda miaka rudi. "Dada, huyu niachie mimi," alisema. "Kiburi kama hiki ulingoni ni mali. Samaki mkunje angali mbichi." Mama hakubisha. Alikuwa amechoka kuitwa shuleni.

Ukumbi wa mjomba zamani ulikuwa ghala la nafaka. Sakafu ya saruji ilikuwa imelika katikati, mifuko ya kupigia ilining'inia kwenye minyororo ya kukokotea magari, na kamba za ulingo zilizungushiwa matambara ili zisiwachune watu migongo. Vijana walijifua humo mpaka kuta zikatoa jasho. Na mjomba alikuwa na imani moja kuu kuliko zote alizokuwa nazo duniani: bondia huuawa na kidevu chake mwenyewe. Basi kila aliyeingia pale alibanishwa mpira mdogo wa tenisi kati ya kidevu na kifua, akaambiwa arushe ngumi, aruke kamba, apigane na kivuli, mpira usidondoke. Ukidondoka, mjomba alikuwa na kipande cha kamba ya kurukia, na kipande hicho kilikuwa na anwani ya mashavu ya miguu.

Kwa wenzake wote dawa hiyo ilifanya kazi. Walipigwa wiki mbili tatu, videvu vikakaa chini, wakawa mabondia. Kwa Nusu Mlingoti ilikuwa balaa. Akibana mpira, kope zilimfunika nusu ya juu ya dunia. Mpinzani alikuwa kifua, tumbo, viwiko na magoti, mtu asiye na kichwa. Ngumi yoyote iliyopita juu ya mabega ilizaliwa hewani na kumwangukia. Akiinua uso kidogo ili aone, mpira ulidondoka, na kamba ikalia. Utasema kwa nini hakusema kwamba haoni. Angesemaje? Hakuwa amewahi kuona vingine. Alidhani watu wote wanaona hivyo, ila wao wana akili nyepesi ya kukisia, na yeye ana kichwa kigumu, maana ndivyo alivyoambiwa tangu utoto.

Hata hivyo alipigana, tena akashinda mapambano mengi ya mwanzo, kwa sababu alikuwa na mikono mizito na roho mbaya. Mchana alibeba magunia ya unga kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja, jioni alibeba hasira. Mtindo wake ulikuwa kuingia ndani kwa ndani na kupiga mbavu. Watu walisema ana ukatili wa kuchagua mbavu. Hakuchagua chochote, mbavu ndizo alizokuwa anaziona. Alizivunja za watu wengi, akasikia zinavyolia chini ya glovu, na nitasema ukweli, alifurahi. Kila ubavu ulikuwa wa mtu aliyemcheka. Hata kule ghalani, kuli mwenzake alipomtania kwamba amka kumekucha, alimsukumia ngumi ya tumbo mpaka yule bwana akakaa juu ya magunia bila pumzi, na tangu siku hiyo watu walimtania wakiwa mbali.

Lakini mabondia nao husemezana. Ikaja kujulikana kwamba Nusu Mlingoti ukimwendea kifuani atakuua, ila ukimpiga kutoka juu hakwepi. Wa kwanza alimwangusha hivyo, watu wakasema bahati. Wa pili akamwangusha hivyohivyo. Kisha akapewa Fundi Bomba.

Fundi Bomba alikuwa fundi wa mabomba kweli, mtu mrefu mkimya, mwenye mkono wa kulia mrefu kupita kiasi, aliozoea kuupenyeza chini ya masinki ya watu. Raundi mbili alikaa mbali akimgusagusa. Ya tatu akaupandisha ule mkono juu, akaushusha. Nusu Mlingoti aliona kifua cha mwenzake kikigeuka, akajua kuna kitu kinakuja, kidevu akakibana kama alivyofundishwa, na kitu chenyewe kikampasua juu ya jicho la kulia. Akasimama. Kikaja tena palepale. Damu ikaingia jichoni, akainua uso aitafute dunia, na cha tatu kikakikuta kidevu kiko juu kabisa. Alianguka kifudifudi, pua ikagonga turubai, kinga ya meno ikamtoka na mate mekundu. Mwamuzi hakuhesabu hata mpaka mwisho.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akiwa kakaa kwenye benchi bado dunia inamzunguka, mjomba alimzaba kibao cha uso. Kibao cha kweli, juu ya damu.

"Kidevu! Nimekwambia nini juu ya kidevu? Miaka yote hii nampigia mbuzi gitaa! Mwenyekiti wa kamati kaniambia mwenyewe, ukianguka tena namna hii leseni wanaichukua. Unanisikia? Umekwisha!"

"Mjomba, sikuiona."

"Hukuiona! Ngumi kubwa namna ile hukuiona? Una kiburi wewe, unaringia kidevu!" Akainua mkono tena.

"Mzee, hebu mwache mtoto wa watu, nina sindano mkononi," alisema daktari wa ulingo, mzee aliyekuwa anamshona nyusi. Alimaliza uzi wa mwisho, akafuta damu, kisha akasimamisha kidole mbele ya pua ya Nusu Mlingoti. "Fuata kidole changu kwa macho. Kichwa usikitingishe." Akamshika kidevu kwa mkono mwingine, akakituliza. Kidole kikaanza kupanda. "Kiko wapi?"

"Umekishusha."

"Sijakishusha, kijana wangu. Kiko hapa, mbele ya paji lako."

Mjomba alicheka peke yake, kicheko cha mtu asiyejua acheke nini. Daktari wa ulingo akamwambia Nusu Mlingoti aende kwa mwenzake, daktari bingwa wa macho, mama mmoja anayepasua kope.

Mjomba aliposikia upasuaji wa kope alitema mate. Huo alikuwa anaujua. Ni ule wanaofanyiwa wanawake wenye nafasi zao ili wasionekane wamezeeka. "Unakwenda kurembwa! Haya, nenda. Na wanja wakupake kabisa, tukuoze." Vijana wa ukumbini walicheka siku nzima, na mmoja wao alipoendelea kucheka siku ya pili, alitolewa kwenye ulingo akishikilia taya.

Mjomba hakukosea sana, maana kwenye benchi la kusubiri Nusu Mlingoti aliwakuta akina mama watupu, mikoba mapajani. Mmoja aliyekuja kuondolewa vifuko vya chini ya macho alimtazama, nyusi imeshonwa, pua imevimba, akamuuliza kwa upole, "Na wewe mwanangu, umekuja kufanywa nini? Maana naona umeshafanywa." Benchi zima likaangua kicheko. Kwa mara ya kwanza maishani alichekwa na hakutaka kumpiga mtu.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono mitulivu. Alimweka mbele ya mashine, kidevu kwenye kiegemeo chake, akamwambia atazame nukta ya katikati na kubonyeza kitufe kila akiona kitaa kinawaka. Akabonyeza, akabonyeza, kisha akakaa kimya muda mrefu akidhani mashine imezimika. Alikata vipande vya plasta nyembamba, akazivuta kope zake juu na kuzibandika chini ya nyusi, akamrudisha kwenye mashine. Vitaa vikawaka kule juu. Vingi. Vilikuwa vinawaka muda wote ule, na yeye kakaa anasubiri.

Alitoa kichwa kwenye mashine, akatazama mbele tu, kidevu kimetulia, akaona ukuta wote mpaka dari, akaona saa ya ukutani, akaona uso wa daktari kuanzia nywele mpaka shingo kwa pamoja. Akakunja ngumi. Si kwa furaha, tusidanganyane. Ilikuwa hasira. Kila kofi alilowahi kupigwa lilirudi likasimama mbele yake kwa zamu, na kila mpigaji alikuwa na sura yake. Akapiga ngumi meza ya daktari, kalamu zikaruka.

"Kaka, meza haikukukosea," alisema daktari.

"Samahani, daktari."

Alimweleza polepole. Kuna msuli mwembamba unaonyanyua kope. Wake alizaliwa nao dhaifu, na ngumi zimeulegeza zaidi. Tena makovu na uvimbe wa kila mara vimeinyoosha ngozi mpaka ikazidi, ikakunjika juu ya kope. Ngozi iliyozidi hukatwa, na huo ndio upasuaji wanaoufuata wale mama wa benchini, ila wao kioo ndicho kimewaleta na yeye ameletwa na jicho. Msuli nao hukazwa na kushonwa upya. Kwa hali yake hospitali inauhesabu kuwa ni tiba, si urembo. "Siwezi kukuahidi uzuri. Mikunjo ya pembeni ya macho itabaki, weusi wa chini utabaki, na hiyo pua si kazi yangu. Na kuna hatari. Jicho linaweza kukauka, linaweza lisifunge sawasawa, na damu ikivuja nyuma ya jicho unaweza kupofuka, japo ni nadra. Nakwambia ili ujue."

"Nitaona ngumi?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Utaona. Lakini nisikilize. Nikishakukaza huo msuli, ukipigwa vibaya hapo tena unaweza kuchanika, na mara ya pili huenda nisiweze kuushika. Nakushona uone watoto wako, barabara, kazi yako. Sikushoni upigwe."

Hakuahidi kitu. Alisema ahsante.

Siku ya upasuaji hakulazwa usingizi. Daktari alitaka awe macho, ili amwambie fumba, fumbua, tazama juu, na kupima kope mbili zilingane. Mtu huyu aliyepigwa na baba, mwalimu, mjomba na nusu ya mabondia wa mji, alipoiona sindano ya ganzi inakuja kwenye kope alitaka kukimbia. Ngumi zote alizopigwa hakuziona. Hii aliiona yote, mpaka ncha. Nesi alimpa mkono wake aushike, akaubana mpaka nesi akasema, "Kaka, na mimi nauhitaji." Halafu ganzi ikaingia, ukabaki mvuto tu, na harufu ya nyama inayoungua walipokuwa wanaziba vijishipa. Alisikia mkasi unavyokula ngozi yake. Alilala pale akawaza, kumbe ni hiki. Kipande cha ngozi chembamba kama uzi, na kwa ajili yake nyumba nzima ilimpiga.

Mama alimuuguza, barafu na matone, kichwa juu ya mito miwili. Siku alipotolewa nyuzi alimtazama mwanawe ana kwa ana, akakaa kitini. "Na mimi nilikuchapa kwa hayo macho," alisema. Akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti.

Alichokiona kwanza alipotoka nje ni macho ya watu. Zamani watu kwake walikuwa midomo na mikono. Sasa aliona macho yao yanavyomwona, na aliona jambo ambalo hakulijua: walimwogopa. Makuli wa ghalani walimpisha. Mwenye duka alimrudishia chenji bila kumwangalia. Aliudhika, kisha akahuzunika, kisha akaudhika kwa kuhuzunika.

Miezi ilipopita akarudi ukumbini. Alisema shikamoo mjomba, na mjomba akaitikia marahaba huku anavaa pedi za mikononi, bila kumtazama. "Haya, mrembo, panda." Wakapanda. Mjomba akarusha pedi ya juu, ile ya siku zote, iliyozoea kumpata kichwani. Nusu Mlingoti akaiona inaondoka begani, akateleza pembeni. Ikaja nyingine, akaikwepa. Mjomba akakasirika, akazirusha kwa nia ya kuumiza, kulia, kushoto, juu, na zote zilipita hewani. Kidevu kilikuwa chini muda wote, kimetulia chenyewe, bila mpira. Ndipo Nusu Mlingoti akarudisha moja. Hakuipanga. Ilimwingia mjomba tumboni, mzee akakaa chini kwenye turubai, mdomo wazi, anaitafuta pumzi.

Mjomba alimtazama mpwa wake.

"Kumbe," alisema pumzi iliporudi.

"Kumbe nini, mjomba? Ulinipiga kwa sababu sioni."

"Ningejuaje?"

"Ungeniuliza!" Sauti yake ilijaa ghala zima. "Miaka yote, hata mara moja, ungeniuliza!"

Mjomba alifuta mdomo kwa pedi. Hakuomba radhi. Watu wa namna yake wana njia yao, huenda kutafuta kitu cha kukupa. Alisema, "Fundi Bomba. Nitaongea na kamati. Ukimwangusha leseni inabaki, na kila mtu aliyekucheka atakula maneno yake." Kisha, taratibu zaidi, "Nataka nione nilichokifunika, mwanangu. Nipe hilo tu."

Nusu Mlingoti alimkumbuka daktari wa mikono mitulivu. Akakubali.

Pambano lilikuwa Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa mikutano wenye viti vya plastiki. Fundi Bomba aliingia kwa utulivu wake ule, akasalimia, na kengele ilipolia akafanya kilichomfaa zamani. Mkono wa kulia ukapanda. Nusu Mlingoti akauona ukipanda, akaona hata jasho lililoning'inia kwenye kiwiko, akaingia chini yake, akampiga mdomoni. Hakuwahi kumpiga mtu mdomoni akiuona mdomo. Ukachanika. Mkono ukapanda tena, akamjibu juu ya jicho la kushoto.

Raundi ya pili ilikuwa ya machinjoni. Kila kitu cha Fundi Bomba kilipita hewani na kila cha Nusu Mlingoti kilifika. Nyusi ya kulia ilipasuka, damu ikashuka kama bomba lililoachiwa. Jicho la kushoto lilivimba mpaka kope ikawa donge, imefunga. Watu walikuwa wamesimama juu ya viti. Mjomba alikuwa anapiga turubai kwa viganja na machozi yanamtoka, "Anaona! Mnamwona? Anaona!"

Katikati ya raundi ya tatu Fundi Bomba alirudi nyuma hatua mbili, akasimama. Damu kwenye jicho moja, donge kwenye jingine. Akafanya jambo ambalo ukumbi mzima ulilipigia kelele. Akainua uso. Akatanguliza kidevu, polepole, akawa anachungulia kwa chini ya ule uvimbe.

"Anamdharau!" mtu alipiga kelele. "Anampa kidevu!" Wengine wakazomea. Mwamuzi alikuwa upande wa nyuma ya Fundi Bomba, akasema, "Pigana!" Na sauti iliyokwaruzika ikatoka kona: "Kidevu hicho! Kakuletea mwenyewe! Kipige!"

Katika watu wote wa ukumbi ule, mmoja tu ndiye aliyejua kile kidevu kinasema nini. Alijua kama anavyojua njia ya kwao. Yule mtu hakuwa anaringa. Alikuwa anamtafuta. Nusu Mlingoti aliliona jicho lenyewe chini ya donge, ufito mwembamba wa weupe, linahangaika huku na huku, halimpati. Palikuwa na nafasi ya kutosha. Angerudi hatua moja. Angemwambia mwamuzi maneno mawili tu, haoni huyu, wangesimamisha, na ushindi ungekuwa wake vilevile. Alikuwa na pumzi ya kuyasema. Alivuta ile pumzi, na mkono wa kulia ukaondoka nayo, kutoka kiunoni, na baba yake yumo ndani yake, na mwalimu yumo, na kipande cha kamba kimo, akakipiga kile kidevu kwa nguvu zake zote.

Fundi Bomba alianguka na kisogo. Miguu yake ilitikisika, ikatulia. Walimmwagia maji mara mbili ndipo akakohoa.

Mjomba alimbeba mpwa wake begani, mzee wa umri ule, akamzungusha ulingo mzima. Mwenyekiti wa kamati alimshika mkono. Watu walimwita Nusu Mlingoti na mara hii hawakucheka. Yeye aliwatazama wote, kuanzia nywele mpaka viatu.

Baadaye kule ndani mjomba akatoka kwenda kuita watu wa picha. Wakabaki wawili, kila mmoja kwenye benchi lake, na daktari wa ulingo akinawa mikono mlangoni. Fundi Bomba alikuwa na kitambaa cha barafu usoni. Nusu Mlingoti alinyanyuka, akaenda kukaa karibu naye.

"Hilo jicho lipeleke hospitali kesho," alisema. "Usingoje uvimbe ushuke. Napajua pa kwenda."

"Nani wewe?" Fundi Bomba hakuwa anamwona. Akasikiliza ile sauti, akajibu mwenyewe, "Ah. Ni wewe." Akakaa kidogo akihema. "Ile ya mwisho, ndugu yangu. Watu wanasema nilikuwa nakudharau. Sikukudharau. Wallahi nilikuwa sikuoni."

"Najua."

"Unajua sasa, kwa sababu nimekwambia?"

Bomba la maji mlangoni lilifungwa. Nusu Mlingoti angeweza kusema ndiyo, na yule bwana angeamini na kulala salama.

"Nilijua palepale," alisema. "Kabla sijapiga."

Fundi Bomba aliondoa kitambaa. Akainua uso, akatanguliza kidevu, akawa anamtafuta mtu aliyesema maneno hayo, na Nusu Mlingoti hakuinuka wala hakugeuza kichwa. Alikaa palepale mpaka alipoonekana.